MAONI: Kabla ya kulipia intaneti yenye kasi zaidi, jua amri ya taa yako inapitia wapi

Rafiki yangu anayeishi Roysambu alinialika kwake Jumamosi moja jioni nikaone alichokiita "keja ya kisasa". Alikuwa na balbu nne, soketi mbili, kamera juu ya mlango na spika ndogo mezani ya kuamrishwa kwa sauti. Vyote ni vya Wi-Fi, na vyote alivinunua Luthuli kimoja kimoja, kila mwisho wa mwezi.

"Buda, cheki hii," akaniambia, akagusa simu.

Kimya. Tukaitazama balbu, nayo ikatutazama. Nikahesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Ndipo ikawaka. Swichi ya ukutani ilikuwa hatua mbili kutoka alipokuwa amesimama.

Jumatatu iliyofuata aliipigia simu kampuni inayomuuzia intaneti, akahama kutoka Mbps 15 hadi Mbps 60. Bili ikapanda karibu mara mbili. Taa je? Bado ni moja, mbili, tatu.

Hilo lingekuwa la kuchekesha tu kama lingeishia hapo. Wiki chache baadaye, saa nane usiku, kamera ilimtumia ujumbe kwamba kuna mtu mlangoni. Alipobonyeza atazame, kiduara kikaanza kuzunguka kwenye skrini. Kikazunguka, kikazunguka. Picha ilipofunguka hatimaye, alichoona ni korido tupu na mnyororo uliokatwa. Baiskeli aliyokuwa akiiendea kazini ilikuwa imeshashuka ngazi.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu najua wewe pia umewahi kushawishika. Mabango yote ya jijini yanapiga kelele moja: kasi, kasi, kasi. Nawe ukiona kifaa chako cha nyumbani kinasuasua, wazo la kwanza ni kuongeza bando. Msimamo wangu ni huu: kasi inayouzwa kwenye mabango si kasi ambayo nyumba yako inahitaji. Ukikosa kujua tofauti ya hizo mbili, utalipa pesa nyingi kila mwezi na bado mwizi atakushinda mbio.

Taa haiangalii sinema

Tuanze na hesabu, usiogope, ni ndogo tu.

Unapowasha balbu kwa simu, ujumbe unaotumwa ni mfupi kupita kiasi. Kimsingi unasema: "Wewe balbu nambari fulani, waka." Basi. Hakuna picha, hakuna muziki, hakuna video ya TikTok.

Kuna teknolojia iliyobuniwa mahususi kwa mazungumzo mafupi ya namna hii, inaitwa Zigbee. Jina hilo linatokana na ngoma ambayo nyuki huicheza kuwaelekeza wenzao penye maua. Kasi yake ya juu kwenye masafa ya gigahezi 2.4 ni kilobiti 250 kwa sekunde. Ukilinganisha na Mbps 60 za rafiki yangu, Zigbee ni mara 240 chini. Kuna nyingine, Z-Wave, iliyoanzishwa na kampuni ya Zensys ya Denmark, ambayo kwa miaka mingi imetumia kilobiti 9.6, 40 au 100 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ambayo ukimpa mtu wa mtaani leo atakurushia simu.

Lakini ngoja kwanza. Pakiti moja ya Zigbee haizidi baiti 127. SMS moja ya herufi 160 hubeba baiti 140. Yaani amri nzima ya kuwasha taa, pamoja na anwani na mbwembwe zake zote, inaenea ndani ya SMS moja na nafasi inabaki. Kwa kasi ya kilobiti 250, pakiti kubwa kabisa ya aina hiyo hupita hewani kwa takriban milisekunde 4, yaani sehemu 4 kati ya 1,000 za sekunde moja. Hata ukiongeza muda wa kusubiri zamu na wa balbu kujibu kwamba imesikia, kwa kawaida bado hujafika kumi ya sekunde.

Kwa nini naitaja kumi ya sekunde? Mtaalamu wa matumizi ya kompyuta, Jakob Nielsen, alieleza katika kitabu chake cha 1993 kwamba jambo likitokea ndani ya kumi ya sekunde, binadamu huliona kama limetokea papo hapo. Likichukua sekunde nzima, anaanza kuhisi anangojeshwa. Kwa hivyo teknolojia hii "ya kobe" inaweza kuiwasha taa kabla ubongo wako haujang'amua kwamba kulikuwa na safari yoyote.

Isitoshe, upole huo si kasoro. Ni makusudi. Kutuma data polepole huwezesha kifaa kutumia nguvu kidogo, na mpokeaji kuusikia ujumbe hata mawimbi yakiwa dhaifu. Ndiyo sababu kihisi cha mlango, kile kidude kinachojua kama mlango umefunguliwa au umefungwa, huweza kukaa mwaka mmoja au zaidi kwa betri iliyo bapa kama sarafu. Kimelala karibu muda wote. Mlango ukifunguliwa kinaamka, kinasema neno moja, kinalala tena. Jaribu kukifanya kifaa cha Wi-Fi kiwe macho kutwa kucha kwa betri ya namna hiyo, utakuwa mteja wa duka la betri milele.

Kuomba chumvi kwa jirani kupitia Mombasa

Sasa utauliza: kama taa haihitaji kasi, mbona ya rafiki yangu ilichukua sekunde tatu?

Jibu liko kwenye njia, si kwenye kasi. Balbu zake nne na simu yake ziko kwenye chumba kimoja, lakini haziongei moja kwa moja. Akigusa skrini, amri hutoka kwenye simu, huenda kwenye ruta, huingia kwa kampuni ya intaneti, hushuka hadi Pwani, huvuka bahari kwa waya hadi kwenye seva ya mtengenezaji, labda Ulaya, labda Uchina, labda Marekani. Seva husoma, huwaza, kisha huirudisha amri kwa njia ile ile hadi Roysambu, kwenye balbu iliyo mita mbili kutoka kwa kidole kilichoitoa. Ni sawa na kumtaka jirani chumvi, kisha kumtuma mtu aifuate kupitia Mombasa.

Na njia hiyo ina sheria ambayo hakuna kampuni inayoweza kuivunja. Mwanga ndani ya waya wa fiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 7,000 za waya, kwenda na kurudi peke yake ni milisekunde 70, na waya wa baharini haujanyooka kama rula. Ongeza foleni za njiani, seva iliyolemewa, programu ya simu iliyokuwa imelala na sasa inajaribu kuunganishwa upya, na ishara dhaifu ya Wi-Fi inayoilazimu ruta kurudia ujumbe mara mbili tatu. Hapo ndipo sekunde tatu zinapotoka.

Fikiria Thika Road. Ukiiongezea barabara hiyo leni nne zaidi, malori mengi yatapita kwa pamoja bila msongamano. Lakini Thika haitasogea karibu na Nairobi hata kwa mita moja. Mwendesha boda aliyebeba bahasha moja hatafika mapema kwa sababu ya zile leni mpya, labda tu kama alikuwa amekwama nyuma ya malori. Mbps ni idadi ya leni. Muda wa amri kufika ni umbali na vituo vya njiani. Rafiki yangu alinunua leni, ilhali tatizo lake lilikuwa umbali.

Hatari kubwa zaidi hata si kuchelewa. Ni kwamba nyumba yako inakuwa mateka wa kila kituo kilicho njiani.

Bila shaka unaikumbuka Mei 12, 2024. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na kwa majirani. Wengi tulilalamika kuhusu WhatsApp. Lakini kwa mtu ambaye swichi yake ya taa inaishi ng'ambo, waya kukatika baharini ni sawa na mtu kuingia nyumbani mwake na kukata waya wa swichi.

Wala si Afrika pekee. Mnamo Desemba 7, 2021, huduma za seva za Amazon zilipopata hitilafu nchini Marekani, watu walishindwa kuamuru roboti zao za kufagia za Roomba na kutazama kengele zao za mlangoni za Ring. Aprili 2022, kampuni ya Insteon ya Marekani ilizima seva zake bila kuwaonya wateja; watu wakaamka na programu iliyokufa. Na mnamo Mei 2016, Nest ilizima seva za kifaa kiitwacho Revolv, ambacho watu walikuwa wamekinunua kwa takriban dola 300. Kifaa kilikuwa kizima, hakijavunjika wala kuungua. Kilikuwa kimegeuzwa jiwe kutoka mbali.

Jiulize basi: kama kuna mtu mahali fulani anayeweza kuizima taa yako kwa kufunga ofisi yake, ile balbu ni yako au umekodishiwa?

Pale ambapo kasi ni kasi kweli

Sitaki unielewe vibaya. Sisemi kasi haina kazi. Kuna kifaa kimoja nyumbani kinachokula data kama moto ulao nyasi kavu, nacho ni kamera.

Kamera ya kawaida yenye picha safi hutumia takriban Mbps 2 hadi 4 ikirusha video mfululizo. Chukua ile ndogo, Mbps 2. Kwa saa 24 hiyo ni gigabaiti 21.6. Kwa siku 30 ni gigabaiti 648. Kamera moja! Weka nne kwenye ploti halafu ushangae mbona kampuni imekupunguzia kasi kabla ya tarehe 15, ikikukumbusha kuhusu "matumizi ya haki" uliyoyakubali bila kusoma.

Na hapa ndipo kosa la pili la rafiki yangu lilipokuwa. Zile Mbps 60 zilikuwa za kupakua, yaani data inayoingia nyumbani. Kamera haipakui, inapakia: inatoa data nyumbani kuipeleka nje. Intaneti yake ilikuwa ya mawimbi, si ya waya wa fiba, na upande wa kupakia ulikuwa Mbps 3 tu. Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza. Saa nane za usiku simu zake mbili zilikuwa kwenye chaja, na unajua simu hufanya nini zikiwa kwenye chaja usiku: zinapakia picha za wiki nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni. Leni ya kutokea ilikuwa nyembamba, na tayari imejaa malori. Kamera ikakwama nyuma yao ikiwa na picha ya mwizi mkononi.

Tena kamera ilikuwa nje, ruta ikiwa ndani, na katikati kukiwa na ukuta wa mawe na mlango wa chuma. Sisi Wakenya tunapenda milango ya chuma, na tuna sababu zetu. Lakini chuma huyarudisha mawimbi kama ukuta unavyorudisha mpira. Ukiwa na intaneti ya Mbps 500 na mlango wa chuma katikati, kamera yako itaishi kwa makombo.

Ongeza majirani. Vifaa vingi vya bei nafuu hutumia masafa ya gigahezi 2.4 pekee. (Ndiyo sababu balbu mpya hukataa kuunganishwa simu yako ikiwa kwenye gigahezi 5, nawe ukamlaani muuzaji bure.) Kwenye masafa hayo Wi-Fi ina chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Fungua orodha ya Wi-Fi ukiwa kwenye gorofa ya Pipeline au Kahawa West, uhesabu majina. Ni kama matatu 30 zinazopigania vituo vitatu. Hata maikrowevu ya jirani, ikipasha ugali wa jana, inapiga kelele kwenye masafa hayo hayo.

Kwa hivyo kabla ya kuilaumu kampuni ya intaneti, kumbuka kuna mtandao wa aina mbili. Kuna ule unaokutoa nyumbani hadi duniani, ambao ndio unaouziwa kwa Mbps. Na kuna ule ulio ndani ya nyumba yako, kutoka ruta hadi kwenye kifaa. Huo wa pili hakuna anayeutangaza kwenye bango, na mara nyingi ndio unaokuangusha.

Nyumba inayojua kupokezana

Teknolojia kama Zigbee, Z-Wave na ile mpya zaidi iitwayo Thread zina ujanja ambao Wi-Fi ya kawaida haina. Vifaa hupokezana ujumbe. Balbu ya sebuleni ikisikia amri ya taa ya jikoni, inaipitisha mbele, kama abiria wa matatu wanavyopokezana nauli kutoka kiti cha nyuma hadi kwa makanga. Kwa njia hiyo ujumbe hupenya nyumba ya mawe bila kumtegemea mtu mmoja mwenye sauti kubwa.

Lakini mkono mmoja ukikosekana, nauli haifiki. Kifaa kinachopitisha ujumbe lazima kiwe na stima muda wote. Dada yako akizima swichi ya ukutani ili "aokoe tokeni", balbu ile inakufa kama mpitishaji na kihisi cha chumba cha nyuma kinakuwa bubu. Vilevile kila mkono unaongeza muda kidogo. Z-Wave ya kawaida huruhusu wapitishaji wanne tu. Hapo ndipo mpangilio unaposhinda kasi: soketi moja ya kupitisha ujumbe, ikiwekwa mahali pazuri, ina faida kuliko Mbps 40 za ziada.

Umewahi kuona taa za sebule zikiwaka moja moja, pa, pa, pa, kama bisi kwenye sufuria? Mfumo umetuma amri tano tofauti kwa balbu tano. Ukizipanga balbu kuwa kundi, amri moja inatangazwa na zote zinaitika kwa pamoja. Kasi haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni akili ya anayeamuru.

Tahadhari moja kwa wenye binamu Marekani: vifaa vya Z-Wave vya huko hutumia megahezi 908, vya Ulaya 868. Haviongei, hata vikitoka kiwanda kimoja. Isitoshe, hapa kwetu masafa hayo ya 908 yako katikati ya yale ambayo simu za mkononi hutumia kuwasiliana na minara. Mwambie binamu akuletee viatu.

"Lakini mimi naishi bedsita"

Najua kuna msomaji anayesema haya ni mambo ya Runda na Karen, si ya kijana anayepambana na kodi ya nyumba. Hoja hiyo ina uzito, lakini naipinga.

Kwanza, vifaa hivi tayari viko mtaani kwako. Kamera za ploti, geti linalofunguka kwa rimoti, vyumba vya kukodisha kwa usiku mmoja ambavyo mgeni hufungua kwa nambari ya siri. Pili, mahitaji yetu halisi ni ya data ndogo kabisa. Tangi la maji likijaa, pampu izime. Katika jiji ambalo maji huja kwa mgao, hilo si anasa. Kihisi cha gesi karibu na mtungi kikinusa uvujaji, kipige kelele. Ujumbe wa "tangi limejaa" ni baiti chache tu. Hauhitaji Mbps 60. Unahitaji kufika.

Hebu tafakari hiyo ya gesi. Ungependa onyo la gesi linalovuja jikoni lisafiri hadi ng'ambo likaombe ruhusa kabla ya kukuamsha? Mimi la.

Tatu, hii ni kazi. Vijana wengi waliosomea stima na kompyuta wanazunguka na CV. Mwenye ploti hamhitaji mtu wa kumwongezea bando, anahitaji fundi anayeweza kumwambia ukweli: hapa weka waya, hapa weka kipitisha ujumbe, hii kamera iweke kadi ya kuhifadhi video ndani yake, na hii kufuli isitegemee intaneti. Anayejua kutofautisha kasi na kuchelewa ana kitu cha kuuza ambacho muuzaji wa Luthuli hana. Huyo wa Luthuli nilimuuliza majuzi kama balbu fulani hufanya kazi intaneti ikipotea. Akanitazama kama niliyemuuliza kuhusu mbinguni. "Bosi, hii inashika Wi-Fi yote. Kwani yako ni ya pole pole?"

Unaona? Hata muuzaji ameshamezwa na bango.

Dai haki ya nyumba inayojitegemea

Habari njema ni kwamba njia ipo. Oktoba 2022 kulizinduliwa kiwango cha pamoja kiitwacho Matter, kinachoungwa mkono na kampuni kubwa zikiwemo Apple, Google, Amazon na Samsung. Moja ya misingi yake ni kwamba vifaa viweze kuongea humo humo nyumbani bila kupitia seva za nje. Na kwa wanaopenda kujifanyia, kuna Home Assistant, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2013, inayoweza kukaa kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi na kuwa ubongo wa nyumba yako. Ubongo ulio kwenye rafu yako, si Frankfurt.

Vifaa hivyo wakati mwingine vina bei ya juu kidogo siku ya kununua. Sikatai. Lakini linganisha: kifaa unakilipia mara moja, bando unalilipia kila mwezi hadi uzeeke.

Rafiki yangu alifika huko kwa njia ya uchungu. Alirudi kwenye Mbps 15. Pesa alizookoa zikanunua kitovu kidogo cha Zigbee, kihisi cha mlango na king'ora. Kamera akaitia kadi ya kuhifadhi video na kuipitishia waya kwenye tundu juu ya fremu ya mlango. Ruta akaiwekea betri ya akiba, kwa sababu tunajua stima ya kwetu. Agosti 25, 2023 giza lilitanda karibu nchi nzima, na taa "janja" hazikuwa janja tena. Siku hizi mtu akiugusa mlango usiku, king'ora hulia papo hapo, kuwe na intaneti kusiwe na intaneti. Baiskeli haikurudi. Ila ile mpya analala akijua iko.

Basi leo usiku ukifika nyumbani, kama una kifaa chochote cha namna hii, fanya jaribio moja. Usizime ruta. Chomoa tu ule waya unaoleta intaneti kwenye ruta, au kama ni ya laini, toa laini. Wi-Fi ya ndani itabaki hai. Kisha zunguka nyumba. Washa taa. Fungua mlango. Gusa kihisi. Andika kwenye karatasi kipi kimefanya kazi na kipi kimekufa.

Vilivyofanya kazi ni vyako. Vilivyokufa vina bosi mwingine, na bosi huyo hakai Nairobi.

Ukienda kununua kingine, achana na swali la "ina kasi gani?" Uliza matatu: Intaneti ikikatika, kinafanya kazi? Ujumbe wake unapita wapi? Kampuni ikifungwa kesho, nitabaki na nini? Muuzaji akikosa jibu, mshukuru, uende duka la pili. Na kampuni ya intaneti ikikupigia simu kukuuzia Mbps 100, waulize kwanza ngapi kati ya hizo ni za kupakia. Usikilize kimya kitakachofuata.